Jiwe la Njiru Linakula Dizeli

Watu wa Njiru tunajua jiwe kabla ya kujua hesabu. Machimbo yako huku kwetu, na malori ya mawe yanapanda kutoka shimoni hadi Barabara ya Kangundo, yakikutana na yale ya mchanga yanayotoka upande wa Machakos. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru, na karibu kila mmoja analala ndani ya kuta ambazo zililetwa na gari. Uliza fundi bei ya mjengo, atakutajia mawe, simiti, vyuma na mchanga. Muulize kwa nini bei imepanda, ataanza kukutajia dizeli.

Jibu hilo la pili ndilo limenipeleka kusoma habari ya Wassily Leontief. Fundi anajua kwamba unaponunua jiwe, umenunua pia mafuta ya lori, chuma cha tindo, tairi, na umeme uliosaga simiti kule Athi River. Anajua pia kwamba kiwanda cha chuma nacho kina lori zake. Kinachomshinda, na kinachotushinda wengi wetu, ni kujua mnyororo huo unaishia wapi. Ukifuata dizeli ndani ya jiwe unakuta chuma, ndani ya chuma unakuta umeme, ndani ya umeme unakuta tena chuma. Unazunguka tu, kama makanga anayetafuta chenji.

Mtu wa kwanza kuchora mzunguko huo kwa makini alikuwa daktari. François Quesnay aliwatibu wakubwa wa Versailles, na mwaka 1758 akatoa mchoro wa mistari ya zigizaga ukionyesha pesa zikitoka kwa wenye ardhi, zikienda kwa wakulima na mafundi, kisha zikirudi. Kwake yeye kilimo peke yake ndicho kilichozaa mali mpya, na fundi alikuwa anageuza tu umbo la vitu. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Lakini wazo kwamba uchumi ni kitu kinachozunguka mwilini, si lundo la bidhaa sokoni, lilibaki.

Ilichukua karibu miaka 180 kabla mtu hajaweka namba halisi za nchi nzima kwenye wazo hilo. Leontief, aliyezaliwa 1905, alikulia St. Petersburg na kuingia chuo kikuu akiwa na miaka 15. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa kuipinga serikali ya Kisovieti, akaondoka 1925 na kwenda Berlin. Alipitia China pia, akiwa mshauri wa wizara ya reli kule Nanjing, kabla ya kufika Marekani 1931. Mwaka 1936 akachapisha makala yenye jedwali la uchumi wa Marekani wa mwaka 1919. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Jedwali lenyewe ni rahisi kuliko sifa zake. Ukilisoma kwa mlalo, unaona sekta moja imemuuzia nani. Ukilisoma kutoka juu kwenda chini, unaona imenunua nini ili ifanye kazi yake. Pembejeo zinaingia, mazao yanatoka, na mazao ya huyu ni pembejeo ya yule. Ujanja uko kwenye hesabu inayofuata, nami nitaifanya kwa mawe, na namba za mfano tu.

Tuseme Njiru ina sekta mbili, machimbo na usafiri. Kila mawe ya shilingi 100 yanahitaji usafiri wa shilingi 30. Na kila usafiri wa shilingi 100 unahitaji mawe ya shilingi 10, kwa sababu wenye malori nao wanajenga magereji na maghala. Mteja anataka mawe ya shilingi 1,000. Usafiri unahitajika wa 300. Lakini huo usafiri wa 300 unadai mawe mengine ya 30, na hayo mawe ya 30 yanadai usafiri wa 9, ambao unadai mawe ya senti 90. Umeona inavyopungua? Duara halina mwisho, ila jumla yake inao. Machimbo lazima yatoe mawe ya takriban shilingi 1,031, na usafiri ufanye kazi ya 309, ndipo yule mteja mmoja apate mawe yake ya 1,000. Ule mnyororo uliomchanganya fundi unafungwa kwa mistari miwili ya aljebra.

Sekta mbili unazifanya nyuma ya risiti. Arubaini ni kazi nyingine. Mwaka 1949 Leontief alikuwa na takwimu za Marekani zilizogawanywa katika sekta 500, lakini kompyuta ya Harvard iliyoitwa Mark II haikuweza kuzibeba, ikabidi azibane hadi 42. Mashine ilifanya kazi saa 56 kupata jibu. Simu yako ya mkopo ingelitoa kabla hujapepesa macho.

Na hapo siasa zikaingia, kama kawaida. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto. Wafanyabiashara wa Marekani walitazama jedwali hilo wakaona mlango wa nyuma wa uchumi wa kupangwa na serikali, na mwanzoni mwa utawala wa Eisenhower pesa za utafiti huo zikakatwa. Upande wa pili, Wasovieti nao kwa muda mrefu waliliona ni jambo la kibepari. Leontief mwenyewe alishawahi, mwaka 1925, kuandika uhakiki wa mizania ya uchumi wa Kisovieti. Ni vigumu kupata hesabu nyingine iliyoshukiwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja, na mimi naona sababu ni moja: jedwali linaonyesha nani anamtegemea nani, na hakuna mkubwa anayefurahia hilo lichorwe wazi.

Afrika Mashariki hatukungoja sana. Alan Peacock na Douglas Dosser, Waingereza wawili waliohesabu pato la Tanganyika, walichapisha mwaka 1957 makala juu ya jedwali la pembejeo na mazao la nchi hiyo. Fikiria uchumi wenyewe. Mkonge unatoka shambani unaenda bandarini, kisha melini, kwisha. Hauuziwi kiwanda cha jirani. Mashine za shamba zinatoka ng'ambo. Kwa jedwali, uchumi wa namna hiyo ni visanduku vingi vitupu, na namba nene zote zimekaa pembeni, kwenye mistari ya kuuza nje na kununua nje. Mwaka uliofuata Albert Hirschman aliandika kitabu kikisema kwamba huko ndiko kutoendelea kwenyewe: sekta hazishikani mikono. Ukoloni unaweza kuusimulia kwa hotuba ndefu. Unaweza pia kuonyesha tu vile visanduku vitupu.

Kenya huru ilitengeneza majedwali yake ya mwaka 1967, wa 1971 na wa 1976. Katikati ya hayo, mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly ulitoa ripoti juu ya ajira nchini. Ripoti hiyo iliwaambia wakubwa kitu ambacho Gikomba ilikijua tayari: kwamba wachomelea vyuma, washonaji na wachuuzi hawakuwa watu wasio na kazi. Walikuwa sekta nzima, yenye tija, ambayo serikali iliikimbiza badala ya kuihesabu. Sasa hebu rudi kwenye jedwali. Litahesabuje mtu asiyetoa risiti?

Swali hilo lina upande mwingine ambao mimi huuona kila mchana machimboni, kwa mama anayeuza githeri. Wakata mawe wanakula kwake. Bila yeye hakuna anayefika jioni akiwa na nguvu ya kuinua nyundo. Ila kwa jedwali la kawaida la Leontief, githeri si pembejeo ya jiwe. Dizeli ni pembejeo kwa sababu mwenye machimbo ndiye anayelipia. Githeri inalipiwa na mfanyakazi kutoka mfukoni, kwa hivyo inahesabiwa kando, kama matumizi ya nyumbani. Machimbo yakifungwa kesho, hesabu hiyo itakuambia mwenye dizeli amepoteza kiasi gani. Kuhusu huyu mama itanyamaza.

Dawa ya ukimya huo ilipatikana, na Kenya ilikuwa mapema kuijaribu. Kwa takwimu za 1976, wahesabu wetu walitengeneza pia jedwali pana linaloingiza familia ndani ya mzunguko: mshahara unatoka machimboni, unaenda kwa familia, familia inanunua chakula, muuza chakula naye ananunua kwa mwingine. Hapo githeri inapata mstari wake, angalau pamoja na vyakula vingine. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko mashine yoyote ya Harvard.

Tatizo ni mwaka wenyewe. Jalidi ilikuwa imeua mikahawa ya Brazil mwaka 1975, na 1976 bei ya kahawa ikapaa. Kule Chepkube, mpakani na Uganda, watu walitajirika kwa magendo ya kahawa. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Tanzania ukafungwa. Ni kama kumpiga mtu picha siku ya harusi yake kisha kuitumia kwa kitambulisho.

Na picha za kitambulisho tunakaa nazo sana. Hadi 2014, Pato la Taifa lilikuwa likipimwa kwa kutumia mwaka 2001 kama msingi. M-Pesa ilianza Machi 2007. Yaani kwa miaka saba tulitumiana pesa kwa simu huku sura ya uchumi iliyotumika kutupima ikiwa ya kabla ya hapo. KNBS ilipohamia msingi wa 2009, kwa kutumia majedwali mapya ya nani anazalisha nini na nani anakitumia, uchumi uligundulika kuwa mkubwa kwa asilimia 25.3 kuliko ilivyodhaniwa. Nchi ikaamka ikiwa ya kipato cha kati cha chini. Mtaani hakuna aliyeongezewa hata bob kumi. Mwaka 2021 msingi ukahamishwa tena, hadi 2016.

Kwa hivyo mwanasiasa akisimama na kusema mradi wake utaleta ajira elfu kadhaa "za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja", jua kwamba lile fungu la pili kwa kawaida linatoka kwenye hesabu ya Leontief. Muulize mambo mawili. Jedwali ni la mwaka gani, na vifaa vinanunuliwa wapi? Reli ikitumia vichwa vya treni vilivyoundwa China, kazi za kuviunda ziko China, na mzunguko unavujia huko.

Udhaifu mwingine ni kwamba jedwali huchukulia kila kitu kina mapishi yasiyobadilika. Jiwe moja, dizeli kiasi hiki, daima. Lakini huku, mashine ya kukata mawe inapokula mafuta kuliko faida, kuna kijana na tindo anayengoja kuitwa. Mapishi yanabadilika, na yanabadilikia mgongoni mwa mtu.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kampuni kubwa iliyosajiliwa kwa VAT ina njia ya kudai sehemu ya pesa hizo. Matatu haina, kwa sababu nauli ya abiria haitozwi VAT na hivyo mwenye gari hana mahali pa kuidai. Mwenye machimbo madogo, ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka, si lazima ajisajili, na asiposajiliwa hawezi kudai. Wao huibeba, au huisukuma mbele. Mwaka uliofuata, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kuutoza mkate asilimia 16, vijana walikaa na simu zao wakafuata kila kipengele: hii ikiguswa, ile itapanda? Pendekezo la mkate liliondolewa tarehe 18 Juni, na siku nane baadaye rais akakataa kutia saini mswada wote.

Kodi ya mafuta ilibaki. Mahindi ya mama wa githeri huja kwa lori, maharagwe pia, na makaa yake pia. Akiongeza bei ya sahani, wateja wake ni wakata mawe, ambao mwajiri wao naye ameshaambiwa na mwenye lori kwamba dizeli imepanda.