Kwa Nini Baby Alilazimika Kujifunza Dansi

Filamu za mapenzi zinazosimulia habari za kujifunza dansi zina kanuni moja. Mmoja anajua, mwingine hajui. Mazoezi huwakutanisha, na miguu inapoanza kupatana, mioyo nayo hupatana. Kwa kuwa kanuni hii imezoeleka mno, wengi wameitazama Dirty Dancing, iliyotoka mwaka 1987, kama burudani ya vijana na basi. Leo nauliza swali moja ambalo aghalabu huachwa kando: kwa nini hasa Baby alilazimika kujifunza dansi?

Kisa kinatukia majira ya joto ya mwaka 1963, katika hoteli ya mapumziko kwenye milima ya Catskill, jimbo la New York. Hoteli za aina hiyo zilistawi huko kwa sababu, miongoni mwa mengine, Wayahudi walikuwa wakikataliwa katika hoteli nyingi za Marekani. Waliobaguliwa wakajijengea mahali pao. Hata hivyo, filamu inaonyesha kuwa mahali hapo napo palikuwa na matabaka. Wahudumu wa mezani walitoka vyuo vikuu vyenye hadhi, na mwenye hoteli aliwataka wawachangamkie mabinti wa wageni. Wachezaji dansi walitoka katika familia za wafanyakazi. Hao waliamriwa wafundishe dansi na wasivuke mpaka huo.

Miongoni mwa wachezaji hao yumo Penny, mwenzi wa Johnny jukwaani. Amepata mimba, na aliyempa ni mhudumu mmoja anayetarajia kusomea udaktari, ambaye sasa hataki kuhusika. Wakati huo sheria ya New York iliruhusu mimba itolewe pale tu ilipobidi kuyaokoa maisha ya mama. Kwa hiyo Penny anategemea mtu wa vichochoroni, anayepita kwa siku moja tu na kudai dola 250. Siku hiyo ndiyo ile ambayo yeye na Johnny wana onyesho katika hoteli nyingine. Wasipokwenda, watapoteza kibarua. Baby, binti wa daktari, anaomba fedha kwa baba yake bila kumweleza ni za nini. Kisha anakubali kushika nafasi ya Penny jukwaani.

Jibu la swali letu ni hilo. Baby hakujifunza dansi kwa kutafuta mchumba. Alijifunza ili mwanamke mwingine asipoteze ajira yake wakati anapitia jambo ambalo sheria ililisukuma gizani. Usiku ule Penny ananusurika kufa, na anayemwokoa ni baba yake Baby. Iondoe sheria ile, na mazoezi ya dansi hayana sababu. Yaondoe mazoezi, na mapenzi hayazaliwi. Mwandishi wa filamu, Eleanor Bergstein, aliijenga hivyo kwa makusudi, ili asiwepo mtu wa kuikata sehemu hiyo bila hadithi nzima kuporomoka.

Filamu ilipotoka, hukumu ya Roe v. Wade ya mwaka 1973 ilikuwa imetimiza miaka 14, na kwa vijana wengi mateso ya Penny yalikuwa simulizi za kale. Bergstein alihofia usahaulifu huo. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo, na katika majimbo kadhaa hali ya mwaka 1963 ikarudi kuwa habari ya leo.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Baby ana ndoto ya kujiunga na Peace Corps, shirika lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, ambalo makundi yake ya kwanza yalipelekwa Ghana na Tanganyika. Msichana huyu amejiandaa kwenda mbali kuwasaidia maskini asiowajua. Lakini dhuluma ya kwanza anayoiona kwa macho yake imo jikoni, katika hoteli anamolala, na mwenye kuitenda ni kijana msomi aliyewapendeza wazazi wote.

Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu utoaji mimba. Si nia yangu kuubadili kwa makala moja. Ninachowaomba wanafunzi na wanaharakati ni kuisoma burudani kama tunavyosoma nyaraka, kwani historia ya sheria huhifadhiwa pia mahali ambapo hakuna wakili. Nanyi watumishi wa umma, mnapoandaa kifungu cha sheria, jiulizeni ni nani atakayebeba gharama yake. Katika Dirty Dancing hakuwa binti wa daktari, wala hakuwa yule mhudumu. Alikuwa Penny, mchezaji dansi ambaye hata ruhusa ya siku moja hakuweza kuipata.