Stempu za Katanga: Dola la Miezi 30 Linalouzwa kwa Bei ya Kutupa

Iko stempu moja ya mwaka 1960 ambayo kila mkazi wa Lubumbashi angepaswa kuishika mkononi walau mara moja. Picha yake ni ramani. Ilichapishwa kusherehekea uhuru wa Kongo, ule wa tarehe 30 Juni. Lakini ukiitazama kwa karibu utaona maneno ya Kifaransa yaliyoongezwa juu ya picha kwa wino mwingine: tarehe 11 Julai, na jina la Dola la Katanga. Siku 11 tu zilipita kati ya tarehe hizo mbili. Karatasi iliyotengenezwa kutangaza kuzaliwa kwa nchi moja ikageuzwa kutangaza kumeguka kwake. Leo, kwenye minada ya intaneti, stempu hiyo mara nyingi haifikishi hata euro moja.

Wanaofuatilia habari za vitu vya kale wamezoea kusikia bei za aina nyingine kabisa. Agosti 2022, huko Marekani, kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Mwezi huohuo kadi ya Honus Wagner, iliyosambazwa na kampuni ya tumbaku zaidi ya miaka 100 iliyopita, ilipata dola milioni 7.25. Bei kama hizo ndizo zinazowafanya watu wakeshe mbele ya simu wakipekua minada, wakitafuta kitu ambacho muuzaji hakujua thamani yake. Wakusanyaji wa kadi, stempu, sarafu na noti wote wana mchezo huo mmoja: kujua kile ambacho mwenye mali hakijui. Na kwa yeyote aliyekulia Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, hakuna uwanja wa mchezo huo uliojaa kama karatasi za Katanga ya Moïse Tshombe.

Tshombe, kiongozi wa mkoa wa Katanga, aliutangaza mkoa huo kuwa dola huru tarehe 11 Julai 1960, akiungwa mkono na maslahi ya Ubelgiji na utajiri wa shaba wa Union Minière du Haut-Katanga. Hakuna nchi hata moja duniani iliyolitambua rasmi dola hilo. Ndiyo maana stempu zilikuwa na uzito mkubwa kwake. Balozi huhitaji kukubaliwa na mwenyeji, lakini barua yenye stempu ikifika Brussels, Paris au Johannesburg na kupokelewa, jina la Katanga limeingia nyumbani kwa mtu bila kuomba ruhusa. Katanga haikuwa mwanachama wa Umoja wa Posta Duniani, na bado barua zake zilisafiri na kufika.

Kazi ilianza kwa haraka. Hapakuwa na muda wa kuchora stempu mpya, hivyo zilizokuwa ghalani tangu enzi za Kongo ya Wabelgiji, zenye picha za barakoa, za maua na za wanyama wa porini, zikapigwa chapa ya neno KATANGA. Mwaka 1961 zikaja stempu zilizochorwa kwa ajili ya dola lenyewe: michongo ya mafundi wa Katanga, maonyesho ya kimataifa ya biashara ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo), ndege za Air Katanga. Mwaka 1962 akatokea askari wa jandarmeri, jeshi la dola hilo. Ukizipanga mezani kwa kufuata miaka, unasoma hali ya dola hilo bila kufungua kitabu. Lilianza na maua ya kuazima, likajionyesha kwa sanaa, biashara na ndege, na mwisho likamweka mtu wa vita mbele.

Sarafu nazo zilisema neno lao. Mwaka 1961 zilitolewa sarafu za faranga 1 na faranga 5, zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa Katanga upande wa pili. Msalaba huo si wa kanisani. Ni kipande cha shaba kilichomiminwa kwenye kalibu, na watu wa nchi hii walikitumia kama fedha na kulipia mahari karne nyingi kabla Mbelgiji wa kwanza hajafika. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Sanga, kwenye ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957, waliikuta misalaba kama hiyo makaburini, mingine ikiwa imelazwa juu ya kifua cha marehemu. Tshombe aliichukua akaiweka mitatu kwenye bendera yake. Faranga 5 zilitengenezwa pia kwa dhahabu, vipande 20,000, na hizo bei yake hufuata soko la dhahabu. Zile za shaba nyeusi ndizo za kutafuta. Ukivizia mnada kwa subira, unaipata moja kwa fedha ambazo jioni ya Jumamosi pale Kamalondo, Lubumbashi, zingeisha kwa chupa chache za bia ya Simba.

Kwa nini vitu vya dola lililotikisa dunia vinauzwa rahisi hivyo? Sababu ya kwanza ni wingi. Nchi mpya inapotokea, wakusanyaji wa Ulaya hununua stempu zake zikiwa mpya na kuzipanga kwenye albamu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Katanga, na sehemu kubwa ya stempu hizo haijawahi kugusa barua. Dola lilikufa Januari 1963, mwezi ambao majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi, albamu zikabaki. Sababu ya pili ni umri. Kizazi cha Wabelgiji waliofanya kazi Katanga kinaondoka, na warithi wao wanauza maboksi mazima kwa jina moja tu la “Kongo”, bila kuangalia ndani. Ubelgiji ndiyo nyumbani kwa Delcampe, mnada wa intaneti ulioanzishwa mwaka 2000 mahsusi kwa wakusanyaji, na humo maboksi ya namna hiyo hayakauki.

Lakini kuhangaika na stempu mpya zisizotumika ni kuanzia pasipo na nyama. Mali yenyewe iko kwenye bahasha. Barua iliyotumwa kweli, yenye stempu iliyogongwa muhuri wa posta, inabeba mahali na siku, na vitu hivyo viwili hupandisha thamani kuliko katalogi yoyote. Na hapa ndipo mtu wa Lubumbashi anapomzidi mkusanyaji wa Antwerp. Majina mengi ya mihuri ni ya kikoloni. Jadotville ni Likasi. Albertville ni Kalemie. Baudouinville ni Moba. Muuzaji asiyejua jiografia hii hawezi kujua anachouza. Tuchukue Manono. Januari 1961 mji huo uliangukia mikononi mwa wapinzani wa Tshombe, wakiwemo wapiganaji wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga, ukatangazwa humo mkoa wa Lualaba uliompinga Tshombe, na mwishoni mwa Machi jandarmeri wake wakauteka tena kwa mabavu. Bahasha yenye muhuri wa Manono wa miezi ile inaeleza upande wa vita ambao picha za Elisabethville hazikuuonyesha. Kwa mtu asiyejua, ni bahasha chakavu ya kutupwa kwenye lundo.

Tarehe nazo zisomwe kwa makini hivyohivyo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa kwa ndege Elisabethville na kuuawa usiku huohuo nje ya mji, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, kombania moja tu chini ya Pat Quinlan, walizingirwa Jadotville kwa siku kadhaa hadi maji na risasi vikawaishia. Tarehe 18 ya mwezi huo ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe, ilianguka karibu na Ndola. Barua zilizogongwa muhuri wiki hizo zipo, na zinapita minadani. Wapo pia askari wa mataifa mengine waliokuwa wakiandikia kwao kupitia posta za kijeshi. India ilifikia hatua ya kuzipiga stempu zake chapa maalumu, mwaka 1962, kwa ajili ya kikosi chake cha Kongo. Wauzaji wengi huziweka kwenye fungu la India, na anayetafuta kwa neno Katanga hazioni kamwe.

Kadi za posta za Elisabethville zinastahili makala yake peke yake. Serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1912 kutoa kadi zenye stempu iliyochapwa tayari na picha ya mahali fulani pa Kongo, na wapiga picha wa mjini wakaendelea na zao kwa miongo. Humo tunauona mji uliozaliwa mwaka 1910 pamoja na reli kutoka Rhodesia: barabara pana za vumbi, tanuru la kuyeyushia shaba na bomba lake refu, mitaa ya Wazungu yenye miti michanga. Watu weusi wanaonekana pembeni ya picha, bila majina. Mimi naamini majina hayo bado yanaweza kupatikana kwa wazee wa Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, na kwamba muda wa kuyauliza unapungua.

Kuna tahadhari moja. Chapa ya kuongezwa juu ya stempu ni rahisi kughushi kuliko stempu yenyewe. Inayotangazwa kuwa na chapa ya kichwa chini au iliyopigwa mara mbili inunuliwe tu ikiwa na hati ya mtaalamu. Kwa bahasha, angalia kama muhuri umeanzia kwenye stempu ukaendelea juu ya karatasi bila kukatika. Misalaba ya shaba afadhali iachwe kwa makumbusho, kwa sababu mingi imetolewa makaburini.

Historia yetu kuuzwa rahisi na kuishia ugenini kunauma kwa sababu tumeshawahi kuyaona hayo. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yetu, kifo cha Lumumba na kutengana kwa Katanga vikiwemo, na picha zake akiziuza mjini kwa fedha kidogo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alinunua karibu 100 kati yake, na sasa mfululizo huo uko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Tropenmuseum. Kijitabu cha André Yav cha mwaka 1965, kilichoandika kwa Kiswahili chetu historia ya Elisabethville kama walivyoishi watumishi wa nyumbani, kilijulikana duniani baada ya Fabian huyohuyo kukichapisha mwaka 1990. Tunamshukuru aliyehifadhi. Hata hivyo mwanafunzi wa Ruashi anayetaka kuziona picha za Tshibumba anahitaji viza.

Stempu za Katanga ni sehemu ya historia yetu ambayo bado tunaweza kuimudu. Fedha za mtu wa kawaida zinatosha, na mwenye ndugu Matonge ya Brussels tayari ana anwani ya kupokelea mzigo. Na kabla ya kufungua simu, fungueni kwanza masanduku ya nyumbani. Mkikuta barua ya miaka ile, msiibandue stempu kutoka kwenye bahasha, msikate kona yake, wala msiisafishe kwa maji. Andikeni kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, nani aliituma na nani aliipokea, kisha ipelekeni kwenye makumbusho ya Lubumbashi ipigwe picha na kuandikishwa, hata kama mnarudi nayo nyumbani.