Divai ya Meza ya Bwana Ilikotoka

Kabla ya safari kulikuwa na ubishi. Tulipopeleka kwenye baraza la wazee wazo la kwenda Dodoma wakati wa Nane Nane, tukaone mashamba ya zabibu na viwanda vya divai, mzee wetu mmoja alisimama. Nyumba yake iliwahi kuumizwa na gongo. "Mchungaji," akauliza, "tunawapeleka Wakristo kwenye viwanda vya pombe?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Uamsho ulioingia Bukoba kutoka upande wa Rwanda na Uganda miaka ya 1930 uliwafundisha waliookoka kuiacha pombe kabisa, nasi huku Mwanza tumezika watu wengi mno kwa ulevi hata tusiweze kulidharau fundisho hilo. Lakini sisi hao hao tunashika kikombe na kuwaalika washarika wote wanywe. Haki hiyo haikuja bure. Mwaka 1415 Mtaguso wa Konstanz uliamuru waumini wa kawaida wapewe mkate peke yake, na Jan Hus, ambaye wafuasi wake walikidai kikombe, alichomwa moto mwaka huo huo. Luther na wenzake walikirudisha kwa watu wote karne moja baadaye.

Huku Ziwani, divai ya altare ilikuja kwa kubebwa. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo, ukapita Ugogo ukilipa hongo kwa watemi, kisha Tabora. Mwaka 1883 walianzisha misioni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza. Kila chupa ya divai ya misa ilitoka Ulaya, ikafika pwani kwa meli, ikapanda bara juu ya bega la mpagazi. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mzigo ulipata nafuu. Divai ikabaki ya wageni.

Ajabu ni kwamba wapagazi wale walikuwa wakikanyaga udongo wa zabibu bila kujua. Miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, walipanda mizabibu kwa ajili ya altare yao, ikashika. Mvua ya Ugogo ni chache na jua ni kali, na zabibu inapenda hivyo. Huko Ulaya huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma huvunwa mara mbili, kuanzia Februari hivi na tena kuanzia Agosti. Kutoka misioni mche ulienda kwa wanakijiji.

Tulianza na maonesho ya Nzuguni, tukaendelea hadi Hombolo. Kiwandani tuliona zabibu zikitenganishwa na vikonyo, zikapondwa, hamira ikafanya kazi yake ndani ya matangi makubwa. Wengi wetu hatukujua kwamba wekundu wa divai hutoka kwenye ganda. Maji ya ndani ya zabibu nyekundu karibu zote ni meupe. Tuliopenda tulionja kidogo. Mzee wetu hakuonja, wala hakuna aliyemhimiza.

Alichokaa nacho ni shamba. Mama mmoja wa Kigogo alitupokea kwa "mbukwenyi", akatueleza kwamba mzabibu unadai nguzo, waya, dawa na kupogolewa, na kwamba kazi yote hiyo inaweza kupotea kwa siku chache. "Zikiiva hazisubiri, Baba. Mnunuzi akichelewa, bei anaipanga yeye." Wengine, alisema, hukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, maana huo walau unahifadhika. Mzee akamuuliza kama kuna kanisa lililowahi kuja kununua kwake. Mama akacheka, akasema makanisa hununua chupa dukani.

Mzee alinunua boksi moja la zabibu mbichi, akalipa bei aliyotajiwa bila kupunguziwa, akalipakata ndani ya basi. Tulipopita Nzega zilikuwa zimeanza kutoa maji. Akazigawa kwetu zote kabla ya kufika Shinyanga.