Chombo Kikuu cha Jana na Chombo Rahisi cha Leo

Wahenga wametuachia mithali nyingi za kututahadharisha na upya. Husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tena husema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mithali hizi zina hekima, walakini hazikukusudiwa kutuondolea kazi ya kupima. Mbacha uliooza haufai kulaliwa, na si kila msala upitao ni wa kuazima. Katika insha hii nakusudia kupima vyombo viwili vya hesabu: kichakataji cha seva kilichokuwa na heshima kubwa mwaka 2012, na kichakataji cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa kompyuta za mezani mwaka 2022. Mahali pa kuvipimia pawe Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa kuwa historia ya mahali hapo yatufundisha jambo juu ya vyombo vya kale na vipya.

Swali lenyewe si la mchezo. Katika wilaya hizo zimo shule za sekondari, vyuo vya ufundi, vyama vya ushirika wa kahawa na ofisi ndogo ndogo zinazohitaji kompyuta, na fedha zao ni chache. Njia zilizo mbele yao ni mbili. Ya kwanza ni kununua mtumba wenye sifa: seva iliyotumika Ulaya au Marekani katika majumba makubwa ya kuhifadhia habari, ikastaafishwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ya pili ni kununua kompyuta mpya ya daraja la chini. Anayekosea hapa hapotezi fedha peke yake. Huwapotezea wanafunzi miaka ya kujifunza, maana fedha ya namna hiyo haipatikani kila mwaka.

Kabla ya kuvitazama vyombo hivyo, yafaa tukumbuke chuma cha Wahaya. Karibu miaka 2,000 iliyopita watu wa ufuko wa magharibi wa Ziwa Victoria walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa ufundi wa ajabu. Mabaki ya kazi yao yalichimbuliwa Katuruka, karibu na Maruku, na mahali pengine pa Buhaya. Tanuri lilijengwa juu ya shimo lililojazwa nyasi za bwawani zilizochomwa, na mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, mivukuto ikiupuliza upepo kupitia mirija hiyo. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa na mwanachuoni Peter Schmidt waifanye tena kazi hiyo, ingawa walikuwa wameiacha kwa miongo kadhaa. Joto lililopimwa ndani ya tanuri lilipita nyuzi 1,800 za sentigredi, na habari hiyo ikatangazwa katika jarida la Science mwaka 1978. Schmidt na mwenzake Donald Avery walisema kwamba upepo ulipata moto ndani ya mirija kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine wamewapinga katika jambo hilo, lakini hapana aliyekana kwamba ufundi ule ulikuwa mkubwa.

Basi kwa nini ufundi huo ulikoma? Haukukoma kwa sababu chuma chake kilikuwa kibaya. Ulikoma katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kwa sababu jembe la kiwandani lilikuja kwa meli na reli, likauzwa dukani kwa bei ambayo haikuweza kulipa mkaa, siku na jasho la watu wa tanuri. Jambo la kuangaliwa ni hili: tanuri lilizimika, lakini mhunzi hakuondoka. Aliendelea kufua visu, mundu na mikuki kwa vyuma chakavu vilivyoletwa na wageni wale wale. Jembe jipya lilimshinda myeyushaji. Mfuaji likampa mali ghafi. Chombo kipya, basi, hakikifukuzi cha zamani katika kila kazi. Hukifukuza katika kazi fulani, na katika kazi nyingine hukiachia nafasi.

Historia ya kompyuta katika nchi yetu nayo ina somo lake. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni ya Kiingereza, kubwa kwa umbo na ghali kwa thamani, na uwezo wake haufikii hata sehemu ndogo ya simu ya mkononi ya leo. Hesabu za Serikali zilizohamishiwa katika mashine hazikwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980. Sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitoka mwaka 2003, na mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Wataalamu waliotazama nyuma waliona kwamba tatizo la miaka ile halikuwa la mashine peke yake. Mashine ilitangulia, na watu wa kuielewa wakafuata nyuma. Kosa la namna hiyo laweza kutendeka leo pia, hata kwa chombo cha dola 100.

Sasa tuvitazame vyombo vyetu. Kichakataji ndicho bongo la kompyuta: hupokea amri, huzitenda, hutoa jawabu. Cha kale nilichokichagua ni Xeon E5-2670, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwezi Machi 2012. Kina viini 8, na kila kiini chaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwendo wake ni gigahezi 2.6, nacho chaweza kupanda hadi 3.3. Bei yake ya kiwandani ilikuwa dola 1,552, na viwili vyaweza kuwekwa katika ubao mmoja vikasaidiana. Kipya ni Core i3-12100 cha kampuni hiyo hiyo, kilichotolewa mwezi Januari 2022. Kina viini 4 tu, kila kimoja chaweza pia kushika kazi mbili, na mwendo wake ni gigahezi 3.3 unaopanda hadi 4.3. Bei yake ilikuwa dola 122. Yaani kwa bei ya kimoja cha kale kilipokuwa kipya, mtu angeweza kununua vipya 12 na akabaki na chenji.

Mtu akihesabu viini peke yake atasema cha kale ni bora mara mbili. Akitazama mwendo peke yake atasema kipya chazidi kwa sehemu 30 hivi katika 100. Hesabu zote mbili hazitoshi. Kila kiini cha kichakataji kipya hufanya kazi zaidi ya mara mbili ya kiini cha kale. Maadamu mwendo umezidi kwa sehemu 30 tu, ziada iliyobaki yatoka mahali pengine: katika kila mpigo mmoja kipya hutenda amri nyingi zaidi, hubashiri vizuri zaidi amri ijayo, na hupoteza wakati mchache kwa kungoja. Viini 4 vyenye nguvu ya zaidi ya viini viwili viwili, basi, hulingana na vile 8, na aghalabu huvipita kidogo. Ndiyo kusema kwamba chombo cha dola 122 kimekifikia chombo cha dola 1,552 katika miaka 10.

Hata hivyo yako mambo ambayo mzee bado anayatawala. Kwanza ni kumbukumbu. Seva ya zamani yaweza kubeba mamia ya gigabaiti za kumbukumbu, hali kipya kinakomea gigabaiti 128. Pili, kumbukumbu ya seva ni ya aina inayojisahihisha inapokosea, jambo la maana sana kwa hesabu za watu. Tatu, cha kale kina njia nyingi za kuunganishia diski na kadi za mtandao. Katika wingi wa habari zinazopita kati ya kumbukumbu na kichakataji wamefungana sare, jambo linalopendeza kulitazama: cha kale kwa mifereji minne ya DDR3, na kipya kwa mifereji miwili ya DDR4, vyote hupitisha gigabaiti 51.2 kwa sekunde. Mfereji umekuwa mpana maradufu, idadi ikapungua nusu.

Baada ya kupima nguvu, inapasa kupima gharama, na hapa wengi huhadaika. Miaka michache baada ya kutolewa, majumba makubwa ya habari yalipobadili mitambo yao, E5-2670 iliuzwa kwa wingi chini ya dola 100. Lakini kichakataji bila ubao wake ni jembe bila mpini. Ubao wa aina ile haukushuka bei kama kichakataji, wala haupatikani katika duka la kawaida. Tena kichakataji hicho hakina sehemu ya kutoa picha. Lazima kinunuliwe kadi mbali. Kipya kina sehemu hiyo ndani yake.

Pili ni umeme. Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba zilipata umeme kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka na Kyaka, na kila mwenyeji ajua maana ya kungoja taa zirudi. Kipimo cha joto cha E5-2670, ambacho hukaribia umeme unaoliwa, ni wati 115. Cha i3-12100 ni wati 60, nacho kikijitahidi sana hufika 89. Tuchukue seva yenye vichakataji viwili, ambavyo pamoja ni wati 230, tuilinganishe na kipya kinachojitahidi. Tofauti ni wati 141. Kwa saa 8 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, tofauti hiyo yafika karibu yuniti 25 za LUKU, kama vyote vinafanya kazi kwa nguvu zote. Feni na sehemu nyingine za seva hazimo katika hesabu hiyo. Kwa kompyuta moja ni mzigo wa kuvumilika. Kwa chumba kizima cha darasa si mzigo mdogo.

Tatu ni umri wa programu. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikitambui rasmi kichakataji cha mwaka 2012. Linux imekuwa kimbilio la vyombo vya kale, lakini nako milango imeanza kufungwa: Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka mwaka 2025, yadai amri za hesabu ambazo vichakataji vya Intel vilianza kuwa nazo mwaka 2013. Zaidi ya hayo, mwezi Januari 2018 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Meltdown na Spectre, unaoweza kumpa mwizi njia ya kusoma siri zilizomo katika kumbukumbu. Vyombo vya kale vilizibwa kwa programu, na viraka hivyo vilivipunguzia mwendo katika baadhi ya kazi. Katika kipya, ufa wa Meltdown ulizibwa tangu kiwandani.

Tukumbuke pia hali ya mahali. Bukoba hupata mvua nyingi, na radi za ufuko wa Ziwa ni kali. Chombo chochote kisichokingwa huungua, kiwe cha kale au kipya. Tofauti huonekana siku ya kutengeneza. Kompyuta ya mezani ya kawaida ina vipuri ambavyo fundi wa mjini aweza kuvipata au kuviagiza. Kifaa cha seva kikiharibika Kamachumu au katika kisiwa cha Bumbire, chaweza kulala miezi kikingoja kipuri kutoka ng'ambo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa chumba cha wanafunzi, kwa ofisi ya kuandika barua na hesabu, na kwa kila mahali ambapo mtu mmoja huketi mbele ya chombo kimoja, kichakataji kipya cha bei nafuu ndicho cha kuchaguliwa. Watu wa kazi hizo hungoja kiini kimoja kiwajibu upesi, na viini vingi hukaa bure. Seva ya kale ina nafasi yake mahali pawili. Pa kwanza ni pale ambapo chombo kimoja huwahudumia wengi kwa pamoja, kama maktaba ya vitabu vya kompyuta katika chuo, mradi umeme upo na fundi yupo, na seva haikuwekwa wazi kwa hatari za intaneti. Pa pili ni katika karakana ya kufundishia, kwa kuwa kijana atakayefungua seva, akaitambua mifereji yake ya kumbukumbu, akaiwekea Linux kwa mkono wake, atakuwa amepata elimu ambayo kompyuta ya dukani haimpi.

Jambo hili la pili nalipa uzito kuliko lile la kwanza. Wazee wa mwaka 1976 walipotakiwa kuwasha tena tanuri, ilibidi wakusanye kumbukumbu za ujana wao, huyu akikumbuka udongo na yule akikumbuka mkaa. Jembe la dukani lilikuwa limewapunguzia jasho, na kwa kadiri hiyo lilikuwa neema. Lakini hapana aliyekuwa amepanga kuwarithisha vijana ujuzi wa tanuri. Sisi twaweza kununua chombo kipya bila kurudia upungufu huo. Chuo cha Muleba kinachonunua kompyuta 20 mpya kwa ajili ya darasa, kikaitenga seva moja kuukuu kwa ajili ya karakana, kitakuwa kimetumia fedha zake vizuri.