Neno la Kinjikitile katika Mizani ya Wachina

Mfalme Wu wa Uchina, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliamuru mwandishi wa tarikh Sima Qian ahasiwe kwa kuwa alimtetea jemadari aliyeshindwa vitani. Wengi wangaliona afadhali kufa. Yeye aliivumilia aibu ili akamilishe kitabu chake. Alinena ya kuwa kila mtu hufa, ila kifo cha mmoja huwa kizito kama mlima na cha mwingine chepesi kama unyoya.

Mizani hiyo tuilete Rufiji. Kutoka Chumbi hata Mohoro si mbali, na hapo Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe tarehe 4 Agosti 1905. Yasimuliwa kuwa aliwaambia kwamba kumwua si kitu, kwani dawa yake ilikwisha fika Kilosa na Mahenge. Je, alisema uongo? Maji hayakuzuia risasi, hilo halina ubishi. Lakini shauri lilikwisha enea kweli. Hata Wangoni waliingia vitani baada ya yeye kufa. Kwangu mimi kifo chake ni kizito.

Ila wale waliokufa kwa njaa, mashamba yao yakiisha kuchomwa, hawakuacha neno la kupimwa, nao ni wengi kuliko waliopigwa risasi.