Goti Lililosagika: Sura Inayorukwa

Historia ya upasuaji wa goti lililosagika husimuliwa kama historia ya goti bandia. Huanzia Berlin mwaka 1890, Themistocles Gluck alipompandikizia mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa goti la bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Hupita kwa Walldius wa Sweden na kwa Frank Gunston wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, kisha hufika New York mwaka 1974, ambako John Insall na wenzake walianza kutumia goti la chuma na plastiki, mzazi wa mengi yanayowekwa leo.

Sura inayorukwa ni ya kusafisha goti. Mwaka 1918 huko Tokyo, Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti kwa kifaa cha kutazamia kibofu. Masaki Watanabe, mwanafunzi wake, alikiboresha, na hatimaye goti likaweza kutibiwa kupitia matundu madogo. Magoti yaliyosagika yakawa yanaoshwa kwa maji ya chumvi na kukwanguliwa gegedu iliyochakaa. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu, na wapasuaji wakaridhika na ushahidi huo.

Mpasuaji Bruce Moseley hakuridhika. Katika hospitali ya maveterani huko Houston, wagonjwa 180 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walioshwa goti, wengine wakaoshwa na kukwanguliwa. Kundi la tatu lilipewa dawa ya kusinzia na kuchanjwa ngozi mara tatu, sentimita moja moja. Mpasuaji akaitisha vifaa, akalikunja na kulikunjua goti, na maji yakamwagwa ili yasikike. Wote walikuwa wametia saini kwamba huenda wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Matokeo yalitoka mwaka 2002: kwa miaka miwili, waliotibiwa hawakuwazidi wale wa kuigiziwa, si kwa maumivu wala kwa kutembea.

Wapinzani walisema karibu wote walikuwa wanaume na mpasuaji alikuwa mmoja. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na lilijibiwa mwaka 2008 na utafiti wa Kanada uliojumuisha wanawake wengi: upasuaji haukuongeza faida yoyote juu ya mazoezi ya viungo na dawa. Dai kwamba mpasuaji mzoefu humtambua kwa jicho atakayepona halikustahili uzito liliopewa. Mwaka 2017 jopo la jarida la BMJ lilipinga vikali tiba hiyo kwa karibu kila goti lililochakaa.

Njia iliyostahili sifa zaidi ni ya kunyoosha mfupa, ambayo wapasuaji Jackson na Waugh waliieleza kwa maandishi mwaka 1961. Mwenye matege huelemewa upande wa ndani wa goti. Mfupa wa muundi ukikatwa chini ya goti na kunyooshwa, uzito huhamia upande wa nje ambao bado mzima. Humfaa mtu ambaye bado kijana na anafanya kazi nzito, kwa kuwa hubaki na goti lake mwenyewe, na goti bandia bado linaweza kuwekwa baadaye. Pale upande mmoja tu ulipoharibika, nusu ya goti inaweza kubadilishwa, kama walivyofanya Goodfellow na O'Connor huko Oxford. Goti zima hubadilishwa uharibifu unapoenea na dawa na mazoezi yakishindwa kumwezesha mgonjwa kutembea na kulala bila maumivu.