Mchanganyiko Mzito: Petroli Imezidi au Hewa Imepungua?

Fundi alichomoa plagi ya kwanza, akaipangusa kwa kidole gumba, kisha akanionyesha kidole. Masizi makavu, meusi tititi, kama ya kitako cha chungu cha kuni. "Mzee, gari lako lina mafuta mengi," akasema, na bisibisi tayari inaelekea kwenye kabureta. Ilikuwa Dodoma, mwezi wa nane, vumbi limetanda, na pikapu yangu ya zamani ilikuwa imepanda kutoka Dar es Salaam siku chache kabla. Nikamwomba asubiri kidogo. Lile neno "mafuta mengi" lilikuwa limeshamwelekeza pa kufungua kabla hajatazama kwingine.

Kwa Kiingereza hali hiyo huitwa rich. Anayetafsiri mbio mbio ataandika "mchanganyiko tajiri", na msomaji atabaki anashangaa, maana kwetu utajiri ni wa mtu, tena ni neema, na hapa tunasema ugonjwa. "Mnono" inakaribia, lakini nao unono tunausifu. Mimi nasimama na "mchanganyiko mzito", na kinyume chake "mchanganyiko mwepesi", kwa sababu moja tu: uji.

Kila aliyekoroga uji anajua kwamba unaweza kuwa mzito kwa njia mbili. Ama unga umezidi, ama maji yamepungua. Uzito wa uji hauko kwenye unga peke yake; uko kwenye uhusiano wa unga na maji. Injini ya petroli nayo ni hivyo hivyo. Kilo 1 ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua chini ya hapo mchanganyiko ni mzito, hata kama petroli haijaongezeka tone. "Mafuta mengi" hutaja upande mmoja na kuuhukumu. "Mzito" huuliza kwanza: kilichozidi ni nini, na kilichopungua ni nini?

Katika nyanda hizi za kati swali hilo lina uzito wake. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haiijui habari hiyo. Humimina petroli kwa kufuata mvuto wa hewa inayopita kooni mwake, na hewa ikipungua kwa sehemu kumi kwa mia, petroli hupungua kwa karibu nusu ya hapo tu. Kwa hiyo gari lililopimwa pwani likifika huku mchanganyiko wake unakuwa mzito kidogo. Kidogo, nasisitiza: mwinuko peke yake hautoi moshi mweusi. Moshi huja pale vumbi la kiangazi linapoziba chujio la hewa juu ya upungufu ule wa mwanzo.

Ndiyo maana nasema uchunguzi uanzie kwenye hewa. Toa chujio, washa injini, tazama bomba la moshi. Moshi ukipungua, umeshapata jibu na hujagusa skrubu hata moja. Usipopungua, hakikisha waya wa choki unarudi mpaka mwisho, maana choki iliyokwama huibana hewa mchana kutwa. Hapo ndipo uifungue kabureta. Litikise boya karibu na sikio: ukisikia petroli ikichezacheza ndani, limetoboka, halielei tena, na kabureta inafurika. Tazama sindano inayofungia petroli kama imelika. Tazama na jeti, vitundu vinavyopitisha petroli. Nyingi zimepanuliwa na mafundi waliozizibua kwa waya. Kisha chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, usisafiri. Petroli isiyoungua imeosha kuta za silinda na kushukia kwenye oili, na ringi zinasagika.

Neno langu lina kasoro, nakiri. Dereva akisema "gari limekuwa zito" anamaanisha halivuti, na "oili nzito" ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo tulitaje kwa ukamilifu, mchanganyiko mzito, tusilikate. Na wanaowasha magari ya zamani ndani ya banda lililofungwa, asubuhi za baridi za Juni na Julai, walijue zaidi ya wengine: mchanganyiko mzito huzalisha kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina harufu, na inaua.

Fundi alilitoa chujio, akaligonga kwenye tairi. Udongo mwekundu ulimwagika chini, ungejaza kopo. Tukawasha. Moshi ukafifia, ukawa kama pumzi ya asubuhi, na injini ikatulia. Bisibisi ikarudi mfukoni. Angepunguza petroli siku ile, ningeteremka kupitia Kibaigwa, Gairo na Morogoro hadi pwani, hewa ikizidi kuwa nzito kadiri ninavyokaribia bahari na mchanganyiko ukizidi kuwa mwepesi, injini inachemka, vali zinaungua, na fundi wa Dar es Salaam angechomoa plagi nyeupe kama majivu.